Matofali ya Mlimani

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, nikiwa Dodoma, kwenye kundi la WhatsApp la wana wa parokia yetu tunaoishi mbali. Katibu wa Halmashauri ya Walei alikuwa ametuma picha nne za kanisa la zamani. Ya kwanza ilionyesha paa: mabati yenye kutu, mawili yameng'oka upande wa mashariki. Ya pili ilikuwa kenchi iliyoliwa na mchwa. Ya tatu ilikuwa sakafu iliyojaa kinyesi cha popo. Ya nne ilikuwa altare, peke yake, imemulikwa na mwanga uliopenya kwenye tundu la paa. Chini ya picha aliandika kwamba parokia inataka kuamua la kufanya na jengo hilo, na kwamba mawazo yetu, pamoja na michango, vinakaribishwa.

Kufikia saa nne kulikuwa na jumbe zaidi ya 60. Aliyeko Mwanza aliandika kwamba lisiguswe hata tofali moja. Aliyeko Canada alituma nyuso za kulia, akasema hapo ndipo alipopokea Komunyo ya Kwanza. Mwingine alisema wazee wetu walitoa jasho lao, na kulibomoa ni kuwatemea mate makaburini. Mimi niliahidi shilingi 200,000 za ukarabati. Nilipigiwa makofi mengi ya simu, nikalala nikijiona mtu mwema.

Wiki tatu baadaye nilikwenda nyumbani likizo. Nikamsimulia bibi yangu nilichoahidi, nikitegemea anibariki. Badala yake akaniuliza swali ambalo limenisumbua mpaka nimeamua kuliandikia: "Kwani nani alikwambia tulitoa?"

*

Sitaitaja parokia kwa jina, kwa sababu shauri lake bado liko mikononi mwa watu wenye haki ya kulimaliza kwa utulivu. Itoshe kusema iko kwenye vilima kati ya Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, kule ambako asubuhi hutoki nje bila sweta na mtu akikukaribisha chakula unajua maharage yatakuwepo.

Kanisa la zamani liko juu ya kilima. Lilijengwa miaka ya 1950, na lilijengwa juu kwa sababu watu waliishi juu. Kila mji ulikuwa na migomba yake, umejitenga na mwingine kwa shamba au kijito, na kengele ikigongwa ilisikika mabonde yote. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaja Operesheni. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishiwa watu wake vijijini, kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Watu wakashushwa barabarani, kanisa likabaki juu. Kwa zaidi ya miaka 30 waumini walipanda kilima kila Jumapili, wazee wakipumzika mara tatu njiani. Mwaka 2009 parokia ikafungua kanisa jipya kando ya barabara, kubwa mara tatu. La zamani likawa ukumbi wa semina, kisha stoo ya viti vibovu, kisha likafungwa kwa kufuli, na ufunguo wenyewe ukapotea.

Naeleza haya kwa sababu mtu akisikia "kanisa lisilotumika" anaweza kudhani ni habari ya Ulaya. Novemba 2018, Roma iliandaa mkutano mzima kuhusu makanisa yaliyofungwa, na kichwa chake kilikuwa swali: je, Mungu haishi hapa tena? Huko makanisa huachwa kwa sababu waumini wamepungua. Pale Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominikani la karne ya 13 liliwahi kuwa mahali pa kuegesha baiskeli, na tangu 2006 ni duka la vitabu. Kwetu ni kinyume. Kanisa letu liliachwa kwa sababu waumini walihamishwa, halafu wakaongezeka mpaka hawakuenea. Hakuna aliyemwacha Mungu pale juu. Tulishuka naye.

Kwa hiyo swali letu si la imani iliyopotea. Ni la zawadi ambayo matumizi yake yamekwisha. Ukirithi kitu ambacho watu waliteseka kukipata, nawe hukihitaji tena, je, una deni gani kwao?

*

Katekista alinisimulia kwamba kwenye kikao cha kwanza yaliletwa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kukarabati, libaki kuwa kumbukumbu. Fundi alipiga hesabu ya mabati, mbao na lipu, na jumla ikazidi makusanyo ya parokia ya mwaka mzima. La pili ni kumkodishia mnunuzi wa mazao liwe ghala la mahindi na maharage. La tatu ni kulibomoa, kushusha chini matofali yaliyo mazima na mbao za mninga ambazo mchwa hawajazigusa, na kujenga bweni la wasichana karibu na sekondari ya kata.

Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa habari za bweni. Wasichana wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba mtaani, wawili au watatu chumba kimoja. Wanajipikia, wanajisomea kwa tochi ya simu kama ipo, na mlango wao unafungwa kwa kamba. Baadhi yao hawafiki kidato cha nne, na sababu inajulikana na kila mtu ingawa haisemwi kikaoni.

Kulikuwa pia na pendekezo la nne ambalo hakuna aliyelitaja, kwa sababu lilikuwa likitekelezwa tayari: kuliacha. Kila masika lilikuwa likitekelezwa zaidi kidogo. Nadhani sisi wa kwenye simu, tulioandika "lisiguswe", tulikuwa tukipigia kura hilo la nne bila kujua. Jengo la matofali lisiloguswa halibaki lilivyo. Kuliacha nako ni kuamua, ila ni uamuzi ambao hakuna mtu atakayeulizwa kwa nini aliufanya. Mwaka jana bati liliporuka na kuangukia njia wanayopita watoto wa shule, kila mmoja alisema ni upepo.

Kikaoni walisoma pia Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 1222 inasema kanisa lisiloweza kutumika tena kwa ibada wala kukarabatiwa, askofu anaweza kuliruhusu litumike kwa shughuli za kawaida zisizo za aibu. Zikiwepo sababu nyingine nzito, anaweza vilevile, lakini kwanza asikilize Baraza la Mapadre, apate ridhaa ya wale wenye haki halali juu ya jengo, na waumini wasipate hasara ya kiroho. Maneno "zisizo za aibu" yalikula saa nzima. Baa ni aibu, hilo halikuwa na mjadala. Lakini je, gunia la maharage pale palipokaa tabernakulo? Nilipomsimulia bibi mjadala huo alicheka mpaka akashika kiuno. "Maharage hayana dhambi," alisema. "Dhambi iko kwenye lumbesa."

Hoja iliyonyamazisha kikao ilitoka kwa mwalimu mstaafu. Alisoma kanuni nyingine, ya 1267, inayosema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Wazee wetu, alisema, walitoa matofali yale yawe kanisa. Hawakuyatoa yawe bweni wala ghala. Anayeyahamisha anavunja ahadi na watu wasioweza kujitetea. Hakuna aliyemjibu, na kikao kikaahirishwa.

Nami nilikubaliana naye. Niliposhuka kwenye basi stendi ya Kasulu nilikuwa bado nakubaliana naye.

*

Nilimkuta bibi barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko Dodoma hawali?"

Nilisubiri tumalize habari za watu wote, wazima na wagonjwa, ndipo nikamweleza kuhusu 200,000 zangu na sadaka ya wazee. Hapo ndipo aliponiuliza nani alinambia walitoa. Kisha akanisimulia jambo ambalo katika miaka yangu yote sijawahi kulisikia, labda kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Alikuwa na umri wa kama miaka 12. Tanuri la matofali lilikuwa bondeni, karibu na mto, kwenye udongo mzuri. Watoto waliokuwa kwenye mafundisho ya ubatizo walipaswa kupanda kilima na matofali mawili kila siku ya mafundisho, juu ya ngata ya majani makavu ya migomba. Aliyechelewa alirudishwa kubeba mengine mawili. Aliyevunja alichapwa na nyapara, mtu wa kijiji jirani, ambaye bibi anamkumbuka kwa kikohozi chake.

"Ungeweza kukataa?" nilimuuliza.

"Nimkatalie nani? Bila matofali hakuna mafundisho. Bila mafundisho hakuna jina."

Alipukuchua gunzi zima bila kusema neno. Kisha akaendelea. Katika miezi ile ya ujenzi mama yake mzazi alifariki, akiwa hajabatizwa. Jumamosi moja, siku isiyo ya mafundisho, bibi alishuka bondeni peke yake. Nyapara hakuwepo. Alichukua tofali moja, akapanda nalo, akaliweka kwenye rundo, akarudi nyumbani.

"Hilo lilikuwa la mama. Hilo nililitoa."

Nilimuuliza liko upande gani wa kanisa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nitajuaje? Matofali yanafanana."

*

Tangu siku ile sijaweza kulisikia neno "wazee wetu walitoa" bila kulipima.

Ni neno zuri. Tunalitumia kwenye harambee, kwenye jubilei, kwenye mahubiri ya mavuno. Lakini zawadi ina sharti moja: mtoaji angeweza kutotoa. Mtoto wa miaka 12 anayebeba matofali mawili ili apewe jina hatoi, analipa. Bibi hana uchungu na Kanisa. Hakosi jumuiya na rozari yake imeisha rangi. Anachokataa ni sisi kuchukua kazi aliyolazimishwa na kuipa jina la ukarimu, kisha kulitumia jina hilo kuamulia mambo ya leo.

Wala haya si ya kilimani kwetu tu. Nenda Bagamoyo, mahali tunapopelekwa kwa mabasi kuonyeshwa imani ilikoanzia upande wetu wa Afrika. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868. Mnara wa kanisa lao la zamani bado umesimama, na mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja wa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Nyumba ya zamani ya masista sasa ni makumbusho. Misheni ile iliwakomboa watu kutoka utumwani, wengi wao watoto, na watoto haohao wakawa nguvu kazi ya mashamba na majengo yake. Waliokolewa kweli, na walifanyishwa kazi kweli. Anayesimulia upande mmoja tu anadanganya, hata kama kila neno lake ni sahihi.

Lakini hesabu hii haiishii upande wa pili pia. Kijana mmoja kwenye kundi letu, niliposimulia hadithi ya bibi, alijibu haraka: basi kama ni kazi ya shuruti, libomolewe tu, halina utakatifu wowote. Hapo nikagundua kwamba tofali lile moja linanizuia. Lipo mle ndani. Msichana aliyefiwa alilipandisha bila kuamriwa, na limejengewa katikati ya mengine yaliyobebwa kwa hofu ya fimbo. Huwezi kupita ukutani ukisema hili lilitolewa, hili lilichukuliwa. Anayesema "tusiguse, ni sadaka" anayasahau mengi. Anayesema "tubomoe, ni shuruti" analisahau moja. Na mwenye kulijua lile moja bado yuko hai, anapukuchua mahindi barazani, na hakuna kikao kilichomwita.

*

Je, waliokufa wana kura? Thomas Paine, mwaka 1791, alishikilia kwamba kizazi kilichopita hakina haki ya kukitawala kizazi kilichopo. Dunia ni ya walio hai. Nikiwa chuoni nilimpenda Paine. Nilidhani amemaliza kila kitu.

Lakini sisi tuna namna nyingine ya kuwahesabu watu. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Aliyefariki, alisema, haingii Zamani siku ya kuzikwa. Anabaki ndani ya Sasa maadamu yuko mtu anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, ndipo anapozama katika Zamani.

Wasomi wamebishana sana na Mbiti kuhusu wakati, na sina haja ya kuwaamua. Ninachokiona ni kwamba kwa kipimo chake waliolijenga kanisa letu bado wako katika Sasa. Bibi anawajua kwa majina: nani alivunja tofali akamsingizia mwenzake, nani alibatizwa jina ambalo mama yake hakuweza kulitamka. Wakiondoka hao wachache waliobaki, wote wataingia Zamani pamoja, na zitabaki kuta. Hapo mtu yeyote ataweza kuzisemea kuta anavyotaka, maana kuta hazibishi.

Nadhani hapo ndipo kosa letu lilipo. Tulikuwa tukiuliza kuta zinadai nini, wakati wenye madai wapo na wanaongea. Kumheshimu mtu kupitia kitu chake ni rahisi kuliko kumheshimu yeye mwenyewe, kwa sababu kitu hakikujibu usichotaka kusikia.

Lazima nijiseme na mimi. Sisi tulioondoka ndio tunaozipenda kuta zaidi. Anayeishi pale anataka mahali pa mwanawe kulala salama karibu na shule. Mimi ninayefika mara moja kwa mwaka nataka kukuta kila kitu mahali nilipokiacha, nipige picha, nirudi Dodoma. Shilingi 200,000 zangu hazikuwa kwa ajili ya wazee. Zilikuwa kodi ya kumbukumbu zangu mwenyewe, na nilitaka watoto wa watu wengine wanilipie zilizobaki.

*

Kulikuwa na hoja moja ya upande wa bweni ambayo paroko aliipenda. Karne ya 4, Ambrosi, askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa ili kuwakomboa mateka wa vita. Alipolaumiwa alijitetea kwamba dhahabu ya Kanisa si ya kulindwa bali ni ya kutumika kwa wenye shida. Kama kikombe cha misa kiliweza kuwa uhuru wa mtu, tofali la kuchoma haliwezi kuwa kitanda cha mwanafunzi?

Ni hoja nzito, ila nadhani tunaisoma kwa haraka. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa mali ya waliokwisha kuhangaika. Linalonigusa kwa Ambrosi ni kwamba aliona lazima ajieleze. Aliandika, akatoa sababu, akasimama mbele ya waliomlaumu. Hakusema "mimi ni askofu, imekwisha". Kwa kanuni ya 1222 askofu wetu naye ana mamlaka, na siyapingi. Lakini mamlaka ya kuamua hayamalizi wajibu wa kuuliza, na swali la bibi lilikuwa hilohilo. Mwaka ule wa matofali hakuulizwa. Miaka 70 baadaye tulikuwa tunakaribia kuamua mara ya pili bila kumuuliza, safari hii tukitumia jina lake.

Nikamwendea katekista, nikamwomba jambo moja tu: kabla ya kura, waitwe waliobeba.

*

Walipatikana saba. Wawili waliletwa kwa bodaboda, mmoja alibebwa mgongoni na mjukuu wake kipande cha mwisho cha mlima. Walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya mlango wa zamani, chini ya mkaratusi, na Halmashauri ya Walei ikakaa kwenye nyasi.

Ningependa kusema kwamba walikubaliana. Hawakukubaliana. Mzee mmoja alisema tanuri lile lilimla ujana na angefurahi kuona hata msingi umeng'olewa. Mama mmoja alisema watuache na upuuzi, wajenge zahanati, wasichana wakae kwa wazazi wao. Mwingine alikumbusha mwisho wa mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, watu walipovuka mpaka kwa maelfu kuja Kibondo na Kasulu. Familia zililala mle ndani kwenye mabenchi kwa wiki kadhaa, na Jumapili wenyeji walisali nje kwenye umande. Hakuna aliyeuliza kanuni siku zile. "Lilikwisha kuwa bweni," alisema, "na Mungu hakuhama."

Mzee mmoja hakuzungumza mpaka mwisho. Alifungia ndoa mle, na jeneza la mkewe lilitolewa kupitia mlango ule uliokuwa nyuma yake. Kila Jumamosi, alisema, hupanda peke yake, hukaa kidogo, hushuka. "Mkibomoa, sisemi mtakuwa mmekosea. Nauliza tu mimi nitakuwa nakwenda wapi."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwalimu mstaafu aliinamisha kichwa.

Bibi alisema maneno machache. Alisimulia matofali mawili, akasimulia moja. Alisema halitaki jengo liitwe sadaka yake, ila hataki pia liitwe takataka. Alisema wasichana ndio waliobeba mengi, basi wasichana walale humo. Kisha akawageukia wajumbe: "Mara ya kwanza hamkuniuliza. Leo mmeniuliza. Nashukuru." Ingawa hakuna hata mmoja wa wajumbe wale aliyekuwa amezaliwa hiyo mara ya kwanza, mwenyekiti alisimama akasema, "Tusamehe, mama." Sijui kama alikuwa na haki ya kuomba msamaha kwa niaba ya watu wengine. Lakini nilifurahi kwamba mtu aliusema.

Halmashauri ilipiga kura kupendekeza bweni. Haikuwa kura ya wote. Paroko amemwandikia Baba Askofu, na pamoja na barua ameambatisha maelezo ya wazee saba, kila mmoja kwa maneno yake, pamoja na waliopinga. Naamini hilo ni sehemu ya deni ambayo tumeilipa, hata kama jibu litakuja tofauti. Deni letu kwa waliotutangulia si kukihifadhi walichotuachia, wala si kukifanya tunachokiona kuwa chema zaidi. Ni kuamua mbele yao, tukiwa tumewasikia, bila kuwasingizia ukarimu wala kuwanyima ule waliokuwa nao. Na kubeba lawama ya mmoja ambaye hatukuweza kumjibu.

Limebaki suala la altare. Kanuni ya 1238 inasema kwamba kanisa likigeuzwa kuwa la matumizi ya kawaida, altare haipotezi utakatifu wake. Paa likiondoka, kuta zikishuka kilimani moja baada ya nyingine, ile itaendelea kuwa altare. Ya kwetu ni ya zege na mawe, haibebeki. Wapo wanaotaka ivunjwe kwa heshima na kuzikwa palepale. Wapo wanaotaka iachwe wazi juu ya kilima, ijengewe kibanda kidogo na benchi moja. Mwalimu mstaafu ndiye aliyelitaja benchi, na alipolitaja hakumtazama yule mzee wa Jumamosi, lakini sote tulielewa.

Ile ahadi yangu nimeituma. Nimeandika iende kwenye benchi, na ikibaki, iende kwenye makomeo ya milango ya bweni. Bibi amesema nimechelewa, na kwamba waliochelewa zamani walirudishwa kubeba mengine mawili. Ninakwenda Julai, masika yakiisha. Kama Baba Askofu atakuwa amekubali, kazi ya kushusha itakuwa imeanza, na mimi nitashika nafasi kwenye mstari.